Chombo cha Dzombo: Katama Mkangi na Riwaya ya Kisayansi, Isomwavyo kutoka Bute

Tumezoea kuisoma Walenisi ya Katama Mkangi (East African Educational Publishers, Nairobi, 1995) kama fumbo. Twasema kuwa sayari ile ni ujamaa, kuwa nchi iliyomhukumu Dzombo ni Kenya ya chama kimoja, na kuwa chombo cha angani ni daraja la kumvusha mhusika kutoka ubaya hadi uzuri. Daraja likishavukwa huachwa nyuma. Mhakiki huendelea na dhamira. Makala haya yanakusudia kukirudia chombo hicho. Tunashikilia kwamba Walenisi ni riwaya ya kisayansi kwa maana kamili ya neno hilo, tena ni miongoni mwa za mwanzo katika Kiswahili. Kwamba sayansi iliyomo si ya kuazima. Na kwamba maisha ya mwandishi hayaelezeki vizuri bila chombo hicho, wala chombo hakielezeki bila maisha hayo. Ili hoja ionekane waziwazi, tutaisoma riwaya hii tukiwa mahali ambapo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hawana mazoea ya kusimama: Bute, kaskazini ya Wajir, karibu na mpaka wa Ethiopia.

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Dzombo anahukumiwa kifo katika nchi yake. Hatiwi kitanzi, wala hapigwi risasi. Anafungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani, safari ambayo kwa hesabu za wakuu wa nchi ile haina marejeo, kwa kuwa anayetiwa humo hatarajiwi kujua kukiendesha. Dzombo anajifunza kukiongoza. Anatua katika sayari ya Walenisi, anakuta jamii isiyo na matabaka, anakaa nayo, anaelimishwa, anampenda Mtu-Binti, na hatimaye anageuza uso kuelekea alikotoka.

Katika Marekani, historia ya riwaya ya kisayansi haitengani na historia ya mashabiki wake. Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg, alitoa toleo la kwanza la jarida la Amazing Stories mwezi wa Aprili 1926. Alichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Wasomaji wakaanza kuandikiana wao kwa wao, wakaunda vyama, na mwaka 1934 Gernsback mwenyewe akaanzisha Science Fiction League. Waandishi kama Ray Bradbury na Isaac Asimov walitoka katika vyama vya namna hiyo: walikuwa mashabiki kwanza, waandishi baadaye. Ni ada hiyo iliyozaa kipimo kinachotumiwa mara nyingi, kwamba mwandishi wa utanzu huu ni mtu aliyelelewa na majarida, mwenye mapenzi ya mitambo. Kwa kipimo hicho Mkangi hafai hata kidogo. Lakini yamkini kipimo ndicho kisichofaa.

Mkangi alikuwa mtu wa Pwani, Mmijikenda, mwanasosholojia kwa taaluma na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Riwaya yake ya kwanza, Ukiwa, ilitoka 1975. Ya pili, Mafuta, ilitoka 1984. Kati ya hizo mbili kuna kitabu ambacho wahakiki wa fasihi hawakigusi, kwa kuwa hakikuandikwa kwa Kiswahili wala si hadithi: utafiti wake juu ya Wataita, uliochapishwa na Pergamon mwaka 1983, unaochunguza gharama ya kijamii ya familia ndogo na ya mageuzi ya ardhi. Mwanasosholojia huyu hakuridhika na nadharia zilizotangazwa kwa sauti kubwa miaka ile, kwamba hati ya shamba ya mtu mmoja mmoja pamoja na uzazi wa wachache vitaleta neema. Alikwenda kuwatazama watu wenyewe, aone ni nani anayelipa.

Basi tukiuliza, kama desturi ya wahakiki ilivyo, sayansi ya Walenisi iko wapi, tusiitafute katika injini. Jules Verne, katika hadithi yake ya 1865 ya safari ya kwenda mwezini, alipiga hesabu za mzinga na baruti. Mkangi hapigi hesabu hizo. Namna chombo kinavyokwenda haimshughulishi sana. Kinachomshughulisha ni jambo alilolifanyia kazi maisha yake yote: jamii ikibadilishwa katika sharti moja kubwa, la nani anamiliki nini, ni mangapi mengine yatabadilika nalo? Je, sheria itabaki ilivyo? Ndoa je? Majina ya watu je? Huko Walenisi majina hutanguliwa na neno mtu, na Mtu-Binti ni mtu kabla hajawa binti. Hilo si pambo la mwandishi. Ni natija ya jaribio lake, na jaribio ni la kisayansi, ila sayansi yenyewe ni ile iliyofundishwa katika idara yake. Hatuna sababu ya kuiona sayansi ya jamii kuwa ndogo kuliko ya vyuma pale inapoingia katika riwaya.

Hata hivyo hatutaki kukiacha chombo. Hapa hapana budi tumrejee Shaaban Robert, kwa kuwa msafiri wa angani katika nathari ya Kiswahili hakuanza na Dzombo. Kusadikika (1951) ni nchi inayoelea hewani. Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwamo. Kila mmoja alirejea na mema aliyoyaona ugenini, na kila mmoja alilipwa kifungo. Linganisha miundo hiyo miwili. Katika Kusadikika dola humtuma mjumbe kwa heshima, kisha humfunga arudipo. Katika Walenisi dola humhukumu mtu kwanza, na hukumu yenyewe ndiyo safari. Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliandika juu ya dola isiyopenda kusikia. Bado aliamini kwamba baraza lipo, na kwamba mshtakiwa akisema vizuri litamsikiliza. Mkangi ameondoa imani hiyo. Mahakama imo katika riwaya yake, lakini haitarajiwi kushawishika. Elimu haipatikani tena kwa ujumbe. Hupatikana ndani ya chombo kilichotengenezwa kuua. Kwa maoni yetu hii ndiyo hatua kubwa iliyopigwa na riwaya ya Kiswahili ya safari za ajabu katika miaka 44 inayotenga vitabu hivi viwili, na mhakiki anayekiita chombo kile daraja hawezi kuiona.

Kuna wanaosema kwamba roketi ni kitu kigeni katika hadithi ya Mwafrika, kwamba imebandikwa tu. Hao wamesahau ramani. Katika ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, Waitalia walijenga majukwaa baharini, yakaitwa San Marco, na kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo. Iliyo mashuhuri zaidi ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, ikawa setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, Wamarekani waliokuwa na shughuli hiyo waliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Siku hiyo hiyo Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, alikuwa gerezani kwa sababu ya kijitabu Kenya: Twendapi? alichokitoa 1968. Alifungwa 1969, akatoka 1972, na mashairi aliyoyatunga humo yakachapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kwa hiyo Pwani ya Mkangi ilikuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja: Uhuru uliokwenda angani na mtu aliyefungwa kwa kuuliza kuhusu uhuru. Riwaya inayoweka mfungwa ndani ya roketi haikuhitaji kuazima kitu kutoka Florida.

Zamu ya Mkangi mwenyewe ilifika 1986, katika msako wa watu walioshukiwa kuwa wa Mwakenya. Alikamatwa akawekwa kizuizini bila kufikishwa mbele ya hakimu. Wenzake kadhaa wa chuo walikuwa wamekwisha kupitia njia hiyo tangu 1982, Alamin Mazrui akiwa mmoja wao, ambaye mashairi yake ya kizuizini yalitoka 1988 kwa jina la Chembe cha Moyo. Ni jambo la kuangaliwa kwamba kifungo kilipoingia katika fasihi ya Kiswahili ya Kenya kiliingia kwanza kwa njia ya shairi, nafsi ya kwanza ikisema na kuta. Mkangi alichagua nathari, na alipochagua nathari aliiondoa seli ardhini. Tazama jinsi vitu vinavyolingana: nafasi finyu, mtu mmoja peke yake, mlango uliofungwa na mwingine, muda usiohesabika, na hakika ya waliofunga kwamba atokaye humo hatakuwa yule aliyeingia. Tofauti ni moja. Mwandishi hakupewa mahakama; mhusika wake amepewa. Sidhani kuwa ni huruma. Kesi inapokuwapo, hata ya dhuluma, mashtaka husomwa kwa sauti, na msomaji huyasikia. Kizuizi hakina sauti, na riwaya haiwezi kuanza na kimya kama hicho.

Lakini umbo la kisa, la mtu anayepelekwa mbali ili apotee naye akarudi, ni la kale zaidi ya 1986. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuukataa utawala wa Waingereza, alikamatwa 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa Gusii, upande wa pili wa nchi, ambako hawakujua mtu. Mwaka 1914 walitoroka wakarudi kwa miguu hadi kwao. Hakuna mtoto wa Kimijikenda asiyeijua habari hiyo. Tena Dzombo ni jina la kilima na la kaya huko Kwale. Mwandishi anayemwita shujaa wake kwa jina la kaya hamtoi hewani, hata akimrusha hewani. Kwa hiyo pale wahakiki wanapoona athari ya riwaya za Ulaya, mimi naona zaidi Mekatilili aliyepewa chombo badala ya miguu.

Sasa twende Bute. Msomaji ninayemkusudia ni mwanafunzi wa sekondari ambaye nyumbani husema Kisomali au Kiborana, au vyote viwili, na ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya shule, ya askari na ya ofisi. Je, riwaya ya sayari ya mbali itamwambia nini?

Kwanza, anga si ngeni kwake. Wazee wa Kiborana wajuao hesabu za siku, ambao Asmarom Legesse alieleza kazi yao katika kitabu chake cha 1973, hupanga kalenda kwa kutazama mwezi ukipita karibu na nyota saba au vikundi vya nyota: miezi 12, siku 354, na majina 27 ya siku yanayozunguka bila kulingana na mwisho wa mwezi. Kilimia, ambacho Waswahili walikihusisha na kulima, kwao ni Busan, na ni kimojawapo cha vipimo hivyo. Elimu ya falaki ya namna hii hufundishwa kwa mdomo na kwa jicho. Mwalimu anayeanza somo la Walenisi Bute kwa kueleza sayari ni nini huenda akawa anapoteza wakati wa darasa.

Pili, adhabu ya kutengwa pia si ngeni. Sheria za kikoloni za 1902 na 1934 ziliifanya kaskazini yote kuwa nchi ya kuingia na kutoka kwa kibali. Mwishoni mwa 1963, majuma machache baada ya uhuru, sehemu hiyo iliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari, na sheria hizo hazikuondolewa Kaskazini Mashariki hadi 1991. Mwezi wa Februari 1984 wanaume wa Kidegodia walikusanywa na askari katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakawekwa hapo siku kadhaa juani, na wengi wakauawa. Mambo hayo yameelezwa katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013. Kisha 1989 Wasomali wa Kenya walitakiwa kuthibitisha uraia wao na kuchukua kadi za peke yao. Msomaji wa Wajir hahitaji maelezo ya chini ya ukurasa ili aelewe kwamba mahali pa kurukia angani panaweza kuwa mahali pa kuulia. Yeye atakisoma chombo cha Dzombo kama kitu, si kama ishara. Nasi twapaswa kumfuata.

Tatu ni jina lenyewe. Walenisi ni sentensi kamili iliyofungwa ikawa nomino: wale, ni, sisi. Kiashiria cha mbali kimeunganishwa na nafsi ya kwanza wingi, vitu ambavyo kwa kawaida sarufi huviweka mbalimbali. Msomaji wa Nairobi au wa Mombasa hulisoma jina hilo akiwa upande wa sisi, kisha akaalikwa kuwatambua wale. Kaskazini mambo ni kinyume. Huko mtu anayesafiri kwenda Nairobi husemwa, na hadi leo mazungumzo hayo husikika, kuwa anakwenda Kenya. Amekuwa wale kwa muda mrefu sana, katika hotuba na katika majalada. Anapolisoma jina la sayari, yeye hasimami pamoja na Dzombo akitazama wageni. Anasimama pamoja na wenyeji wa sayari, akimtazama mtu aliyeanguka kutoka Kenya, na kungoja aone kama ataelewa.

Usomaji huu unaufunua pia udhaifu mkubwa wa riwaya. Dzombo akishatua, wenyeji wanakuwa walimu na yeye mwanafunzi, na mihadhara inachukua mahali pa vitendo. Chombo kilichokuwa na hofu na jasho kinafuatwa na darasa lisilo na ubishi. Aleksandr Bogdanov, mwanamapinduzi wa Kirusi aliyekuwa pia daktari, alikumbana na tatizo hilo hilo katika Nyota Nyekundu (1908), riwaya ya jamii ya kikomunisti katika sayari ya Mars. Alijiokoa kwa njia kali: mgeni wake Leonid anashindwa kuvumilia ukamilifu wa wenyeji, akili yake inavurugika, naye anaua. Kwa Bogdanov jamii njema inaweza kumvunja asiyezaliwa ndani yake. Mkangi hakulikubali wazo hilo, na kwa kulikataa amempunguzia Dzombo utu. Tungependa kumwona akikosea Walenisi, akidanganya, akichoka kufundishwa. Wahusika wa Walenisi nao ni bapa mno. Wanajua kila kitu kuhusu jamii yao na hawana neno la kuuliza kuhusu ya mgeni. Mwanasosholojia aliyekwenda Utaita kuuliza maswali aliwanyima wenyeji wa sayari yake haki ya kuuliza.

Baada ya kitabu, mwandishi alifanya aliyoyafanya mhusika wake. Mwaka 1997 Katama Mkangi alisimama kugombea urais wa Kenya kwa tiketi ya Kenya National Congress, akapata kura chache mno. Alifariki 2004. Riwaya alizokuwa amezitangulia, Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wamitila mojawapo, zimeandikiwa makala mengi kuliko yake, na nyingi ya makala hayo huanza historia ya mkondo huo kwa Nagona (1990) ya Kezilahabi bila kusimama Walenisi.

Limebaki jambo moja la lugha, ambalo Bute ndipo panapolileta. Mwanafunzi wetu akitaka kumwelezea nduguye jina la riwaya, atalitafsiri vipi? Kwa Kiborana kazi ni nyepesi, kwa sababu nafsi ya kwanza wingi ni moja kama ilivyo katika Kiswahili. Kwa Kisomali haiwezekani kutafsiri bila kuamua. Kisomali kina sisi mbili: innaga, inayomjumuisha msikilizaji, na annaga, inayomtoa. Akisema innaga, anamwambia msikilizaji kwamba wale ni mimi na wewe pia, na Dzombo yumo ndani ya jina la sayari tangu anapotua. Akisema annaga, wenyeji wanasema juu yao wenyewe, na mgeni amebaki nje mlangoni. Kiswahili kilimruhusu Mkangi kuandika riwaya nzima bila kuchagua kati ya hizo mbili, na utata huo umemfaa: sehemu ya kwanza ya kitabu inasomeka vizuri kwa annaga, sehemu ya marejeo kwa innaga. Mahali hasa ambapo maana inahama kutoka moja hadi nyingine pangeweza kuonyeshwa kwa kuipitia riwaya ukurasa kwa ukurasa pamoja na mfasiri Msomali, na kazi hiyo ingefaa kuanzia pale Dzombo anapokishika chombo kwa mara ya kwanza na kukigeuza.